Neno Asilolitamka Paskalina

Mimi sina subira na mtu anayezungukazunguka. Ukitaka chumvi, sema chumvi. Ndiyo maana Paskalina alinichosha tangu wiki ya kwanza. Tulikaa dawati moja katika darasa la watu wazima pale Endasak, lile linaloanza mchana watoto wa shule ya msingi wakishakwenda nyumbani, na kila alipotaka kamusi alinigusa kiwiko akasema, "Dada Judica, nisogezee kitabu cha maneno." Kamusi iko mbele ya macho yake, jina limeandikwa juu ya jalada kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani. Yeye anasema kitabu cha maneno.

Hakuishia hapo. Kamba ya kufungia mzigo kwenye pikipiki aliiita "ile ya kufunga." Kamati ya darasa, ambayo ni mimi na wenzangu wawili na kazi yetu kubwa ni kuhakikisha chaki ipo, aliiita "ninyi wakubwa." Na ukimwuliza mvua itanyesha au la, hajibu wanavyojibu watu wengine. Anasema, "Sijui ikiwa itanyesha," ameketi wima, utadhani anasoma taarifa ya habari. Nikawa namtania. "Paskalina, hiki Kiswahili chako umekinunua duka gani?" Anacheka kidogo, anaangalia chini, anaendelea na kazi yake.

Niwajulishe vizuri. Yeye ni Mbarbaig, binti wa mzee Gidamis, kaolewa kwa wafugaji wa huko mbugani, ana mtoto mdogo anayemwacha kwa mama mkwe. Mimi ni Mwiraqw, mkulima wa mahindi na maharage. Nyumba yangu ya Jorodom ilipochukuliwa na tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang nilirudi Endasak kwa dada yangu, na shamba lake halikuwa na kazi ya kuwatosha wanawake wawili wenye midomo, kwa hiyo nikajiandikisha kumalizia shule niliyoiacha kidato cha pili. Mtu mwingine wa kumjua ni Xavery, dereva wa bodaboda, aliyekuwa akimleta Paskalina kila siku. Mwalimu alimwona amekaa nje anachezea simu akimsubiri abiria wake, akamwambia aingie. Akaingia, akawa mwanafunzi.

Mwalimu mwenyewe ni Evarist, kijana wa Dongobesh, mpole, anayevaa shati la mikono mirefu hata jua likiwaka. Anatufundisha Kiingereza na ana kanuni yake. "Msinikaririe," anasema. "Ukishanijibu kwa Kiingereza, niambie na kwa Kiswahili, nijue limekaa kichwani." Ni kanuni nzuri. Mimi Kiingereza naweza kukiimba kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kujua nimesema nini, na ile kanuni yake imenifichua mara nyingi.

Muhula ule tuliingia kwenye lugha ya picha. Simile, alisema mwalimu, ni tashbihi yetu ya kwenye Kiswahili. Unalinganisha vitu viwili na unaonyesha wazi kwamba unalinganisha. Kiingereza wana "like", sisi tuna "kama". Metafa ni sitiari. Unaliacha hilo neno, unasema kitu hiki ndicho kile. Mifano ya vitabuni aliikataa. Simba shujaa na nyuki mchapakazi amewachoka, alisema, tulete vya kwetu.

Xavery akawa wa kwanza kunyoosha mkono. "My motorcycle is like my mother-in-law. It starts when it wants." Kwa Kiswahili akasema, "Pikipiki yangu ni kama mama mkwe wangu, inawaka ikitaka yenyewe." Darasa likavunjika mbavu, mimi mbele ya wote. Mwalimu naye alicheka, akampa alama zote. Paskalina peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama, anafuta kwenye daftari kitu ambacho hakikuwepo.

Ikaja zamu yake. Paskalina Kiingereza anakijua kuliko mimi, hilo nalisema wazi na linaniuma. Alisimama akasema, "The old man is like the mountain. We live under him."

"Nzuri sana," mwalimu akasema. "Haya, kwa Kiswahili."

"Mzee ni mlima. Tunaishi chini yake."

"Ngoja. Hapo umeshahama. Kwa Kiingereza umenipa simile, kwa Kiswahili umenipa metafa. 'Like' umeipeleka wapi?"

Paskalina akafungua daftari, akalifunga.

"'Like' ni nini kwa Kiswahili?"

Alisimama akiangalia ubao mpaka mwalimu akamwonea huruma, akamwambia akae. Ikawa hivyo kila tulipoirudia mada. Anatoa mfano wa kuandikwa ukutani, lakini akifika kwenye Kiswahili neno linapotea. Mwalimu akaanza kuamini kwamba hajui tofauti ya simile na metafa, kwamba Kiingereza chake chote ni cha kukariri. Na mimi niliamini hivyohivyo, tena nikajisikia vizuri kidogo.

Ukweli niliujulia mnadani. Nilikuwa nimepeleka maharage, debe kichwani, nikamwona Paskalina kwa mbali akiwa na wanawake wenzake wa maziwa. Mbele yao alipita mzee mrefu mwenye mgolole na fimbo. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe akamwita kwa nguvu, "Mzee Qamara, njoo huku kwanza." Mzee akageuka. Paskalina naye aligeuka, lakini upande mwingine, akavuta shuka mpaka masikioni, na wale wenzake wakamzunguka, wakaanza kuongea kwa sauti habari za maziwa ili jina lisimfikie.

Nilisimama pale na debe langu, watu wananipiga vikumbo. Sisi Wairaqw q tunaitoa kooni, na Wabarbaig nao wanaijua, lakini Kiswahili hakina sauti hiyo. Jina hilo kikilipokea kinasema Kamara. Kamara. Kamusi. Kamba. Kamati. Kama.

Tumeishi nao miaka mingi, kwa hiyo nilijua kwamba mwanamke wa Kibarbaig hamtaji baba mkwe wake. Nilichokuwa sijui ni kwamba hataji hata maneno yanayoanza kwa mlio wa jina lake. Kwa lugha yao wana maneno ya badala, wanafundishwa na wanawake waliotangulia kuolewa kwenye boma lile. Lakini Kiswahili cha darasani hakikuwa na mwanamke aliyetangulia. Paskalina alikuwa akijitafutia mwenyewe, neno moja baada ya jingine, mbele ya watu wanaomcheka. Mmojawapo mimi.

Kesho yake Xavery alipata pancha, tukabaki sisi wawili ukingoni mwa barabara kumsubiri azibe. Nikambana.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia kwa neno lipi, dada?"

Akanieleza yaliyobaki. Mumewe yuko mbali akichunga ng'ombe, aliyeruhusu shule ni baba mkwe. "Mzee alisema mwaka mmoja. Mwalimu akinipeleka mbele, niendelee. Akinirudisha nyuma, basi shule imenikataa, nibaki nyumbani." Na nyumbani hakutaka kubaki. Alitaka asome mpaka afanye kazi zahanati. "Mama zetu wakifika pale wanaulizwa jina la ukoo wa mume, na hilo jina ni la baba mkwe. Wananyamaza. Nesi anadhani hawajielewi. Nataka nikae upande ule wa meza, nisiwaulize."

"Nitamwambia mwalimu," nikasema.

"Usimwambie. Ukimwambia utalitaja. Naye atalitaja akinipa pole, na huyu Xavery atalitaja barabara nzima kwa utani, mimi nimekaa nyuma yake. Nitaziba masikio nianguke?"

"Basi mwombe mwalimu uliandike. Kuandika siyo kutamka."

Alichora vumbini kwa ncha ya kiatu. "Bibi zetu hawakuandika, kwa hiyo hakuna aliyenikataza," alisema mwishowe. "Lakini huu mkono nao uliolewa pamoja na mimi."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia na mzee wake ambaye hata sijawahi kumsalimia, lakini nilikuwa nimeshaahidi kunyamaza. Tulipokuwa tukichambua maharage na dada yangu nikasema ngoja nami nijaribu kuongea bila hilo neno. Nilianza vizuri. Dada akauliza ugali wa mchana ulikuwaje, nikamwambia ulikuwa mgumu kama, hapo nikajing'ata ulimi. Nikaanza upya, nikaanguka tena, mpaka dada akauliza ninaumwa jino au vipi. Paskalina alikuwa akifanya hivyo kutwa nzima, na juu yake anasoma Kiingereza. Hasira zangu zikapungua, nikabaki na huruma, na huruma mimi hainikai vizuri.

Mwisho wa mwaka likaja jaribio la mdomo. Unaitwa mbele, unaulizwa, unajibu wenzako wakisikia. Mwalimu alikuwa ametuambia mapema kwamba asiyeweza kutenganisha simile na metafa atarudia hatua, kwa sababu mtihani wa taifa hauna huruma na yeye hataki kumpeleka mtu akaanguke huko.

Mzee Qamara alikuja siku hiyo. Alitaka asikie mwenyewe mkwewe amepelekwa mbele au amerudishwa. Alikaa nje kwenye benchi karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, na Paskalina alipita kwa nyuma ya darasa ili asimkaribie. Mwalimu alimwamkia shikamoo kwa heshima lakini jina hakumwuliza. Kwenye daftari la mahudhurio Paskalina ameandikwa kwa jina la baba yake, Gidamis, kwa hiyo mwalimu hakuwa na pa kulijulia.

Mimi nilipita, kwa shida lakini nilipita. Kisha akaitwa Paskalina. Maswali ya mwanzo aliyajibu vizuri mno. Kuhusu kuvipa vitu tabia za watu alisema mlima ulishuka kutuamsha, na darasa likatulia, maana wengine tulikuwepo lile tope liliposhuka. Halafu mwalimu akaingia pale pale nilipokuwa nikipaogopa.

"Nipe simile."

"My child is like the first rain. Everybody goes out to see him."

"Kwa Kiswahili."

"Mtoto wangu ni mvua ya kwanza. Kila mtu anatoka kumwona."

"'Like', Paskalina."

"Ni neno la katikati," alisema polepole. Nilijua jibu hilo amelala nalo siku nyingi. "Linaviweka vitu viwili karibu, ila linavitenga, visiwe kitu kimoja. Ukiliondoa, vinakuwa kimoja, na hiyo ndiyo metafa."

"Hapo unaeleza kazi yake. Mimi nataka neno lenyewe."

"Sawa na," akajaribu.

"Hiyo ni ya kwenye hesabu. Neno moja tu, la kila siku. Hata mtoto analo."

Wakati ule mimi na yeye hatukujua kwamba watu wa pwani wana "mithili" na wenzake wengi, la sivyo ningekuwa nimeshampa. Paskalina alitazama mlango uliokuwa wazi, akatazama mikono yake. Angeweza kulisema chini chini. Mzee alikuwa nje na upepo wa Hanang ulikuwa unavuma, asingesikia. Hakulisema.

Mwalimu aliweka kalamu mezani. "Pole sana. Utarudia. Nafanya hivi kwa faida yako." Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma.

"Asante, mwalimu," Paskalina akasema, akarudi kwenye dawati letu. Hakulia. Alianza kukusanya vitu vyake kwenye mfuko, taratibu, rula, kalamu, sweta ya mtoto. Mdomo wangu ulikuwa unaniwasha, lakini ahadi ni ahadi.

Mwalimu akaenda mlangoni kumpa mzee taarifa. Sisi ndani tulisikia yote.

"Mzee, mkweo ana akili sana. Amejibu yote isipokuwa neno moja, na hilo neno ndilo msingi wa somo. Itabidi arudie."

"Neno gani hilo?"

"Ni neno dogo tu, mzee. 'Kama'."

Pembeni yangu Paskalina aligeukia ukuta na kufunika kichwa.

"Halijui?" mzee akauliza.

"Nadhani halijui. Mwaka mzima hajalitamka hata mara moja humu ndani."

"Hata siku ambazo mimi sipo?"

"Wewe hujawahi kuwepo, mzee. Leo ndiyo mara ya kwanza umekuja."

Fimbo iligonga sakafu, nikajua amesimama. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwalimu, hilo neno ni mimi. Mimi ni Qamara. Huyu ni mke wa mtoto wangu, hanitaji, wala hataji kinachofanana na mimi. Nyumbani najua hanitaji. Lakini mimi nilikuwa nasema moyoni, akishavuka huu mlango nani atamsikia? Huku ananitaja ovyo na Waswahili, akirudi jioni anajifunika. Nilikuwa naona shule inanichukulia mtoto. Ndiyo maana nikampa mwaka mmoja. Wewe mrudishe, usimrudishe, ni kazi yako. Mimi simtoi tena."

Akakaa. Mwalimu alibaki mlangoni na mgongo wake kwetu kwa muda, kisha akarudi mezani. Hakumtazama Paskalina usoni, na kwa hilo nilimheshimu. Alimwita Xavery, aliyekuwa wa mwisho kuulizwa.

"Xavery. Umesikia mzee alivyosema, hilo neno ni mimi. Hiyo ni simile au metafa?"

"Metafa."

"Kwa nini isiwe simile?"

"Kwa sababu hakusema," Xavery akaanza, halafu akakoma. Huyu ni mtu asiyenyamaza hata akipandisha mlima wenye mawe. Alimtazama Paskalina aliyekuwa bado ameelekea ukutani, akatazama mlangoni, akajikuna shingo. "Hakuliweka lile la katikati, mwalimu. Lile linalotenga. Amesema ndiye, basi."

"Sahihi," mwalimu akasema, akaandika.

Mimi nikasimama. Sikuomba ruhusa.

"Mwalimu, hilo la katikati Xavery hajalitaja. Umempa alama?"

Alitazama alichoandika. "Nimempa."

"Alichosema ndicho alichosema Paskalina."

Mwalimu alirudisha macho juu kwenye ukurasa, akakaa na kalamu yake hewani, kisha akakata alichokuwa ameandika kwenye mstari wa Paskalina na kuandika upya. "Ni kweli," alisema. "Jibu lilikuwa lilelile. Paskalina, unaendelea mwaka wa pili. Na hapo sikupendelei."

Mabega ya Paskalina yalikuwa yanatikisika chini ya shuka, ndipo nikajua sasa analia. Sweta ya mtoto ilikuwa imeanguka chini, nikaiokota nikaiweka kwenye mfuko wake. Mimi pia nililia, sioni aibu kusema.

Mtu wa kumwambia mzee alihitajika, na Paskalina asingeweza. Nikatoka nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Anaendelea."